Naendelea Vizuri

Alfajiri, kabla hata maji ya chai hayajachemka, Bibi Chiku alikuwa keshaketi mkekani kumtazama mjukuu wake Nusrat akilikandamiza goti mpaka paja lote likakaza. Hakuchoka kulitazama lile goti. Nusrat aliteleza kwenye tuta la jaruba akiwa na mzigo wa miche ya mpunga kichwani, kamba ya ndani ya goti ikakatika. Daktari kule Mbeya akachukua mshipa wa paja la Nusrat mwenyewe, akaupachika badala ya ile kamba. Tangu aambiwe hivyo, bibi aliligusa kovu kama mtu anayegusa mtoto mchanga. Nyama ya paja inafundishwa kazi ya goti, na inajifunza.

Siku hiyo walitoka Ubaruku mapema kwenda kliniki ya mazoezi ya viungo. Kupandikiza mpunga kumekaribia, na Bi Shufaa, mkuu wa kikundi cha vibarua, alishasema wazi: asiyeweza kuinama topeni kutwa, nafasi yake anapewa mwingine. Na unga dukani umepanda tena.

Dirishani, karani aliyeitwa Jackline alitazama kompyuta.

"Dada, faili lako limeshafungwa. Umepona."

"Nani kasema?"

"Wewe mwenyewe. Kila tukikupigia simu unasema unaendelea vizuri."

Nusrat akainamisha kichwa. Bibi alizikumbuka zile simu. Mjukuu amesimama uani kwa mguu mmoja, kashika ukuta, anaulizwa anaendeleaje, naye anajibu anaendelea vizuri, anamshukuru Mungu. Angejibu nini? Mtu husema salama kwanza, ndipo shida ifuate. Yule wa simu alishukuru akakata kabla shida haijafika.

Jackline akaeleza kwamba bima hailipii mazoezi ya mtu aliyepona. Waanze upya zahanati ya kwao, waombe rufaa, wasubiri. Bibi akauliza itachukua muda gani. Kwa jibu alilopewa, kupandikiza kutakuwa kumekwisha.

"Mwanangu," bibi alisema taratibu, "ukiamka na homa, jirani akakuuliza habari za asubuhi, unamjibu homa?"

Jackline akacheka kidogo. "Namjibu nzuri, bibi. Lakini kompyuta haiyajui hayo."

"Na wewe unayeyajua?"

Jackline akamwita mgonjwa anayefuata.

Bibi akavua kanga ya mabegani, akaitandika sakafuni pale pale kwenye korido. "Simama hapa, mama. Tumekuja kufanya mazoezi."

Mlinzi akasema wanaziba njia. Wenye magongo wakasogea wenyewe, wakawapa nafasi. Nusrat akashika ukingo wa benchi, akaanza kuchuchumaa. Goti likatetemeka, kovu likang'aa, ule mshipa mgeni ukavutika ndani kama kitu kinachokumbuka. Bibi akaziba mdomo kwa kiganja. Lilishuka nusu, likasimama, likabeba mwili mzima.

Mzee mmoja mwenye plasta mguuni akauliza, "Inauma, binti?"

Nusrat akamtazama. "Inauma, babu. Nikishuka inauma sana. Nikigeuka ghafla, goti linataka kuniacha. Usiku nalia."

Jackline alisikia, maana dirisha lilikuwa wazi. Vidole vyake vikakaa juu ya kompyuta, haviandiki kitu. Hapakuwa na mahali pa kuandika hayo.

"Tena," bibi akasema.

Goti likashuka tena.