Kuku Aliyelalia Mayai ya Bluu

Rosemary aliwaahidi watoto wa parokia mayai ya rangi siku ya Pasaka, na ahadi yenyewe ilimtoka mdomoni kabla hajafikiria rangi atazipata wapi. Manyara ulikuwa mkoa mpya, Babati nzima inajengwa, na maduka yalijaa rangi za kuta tu. Basi Jumamosi Kuu akarudi nyumbani Maisaka na kikapu cha vitu vya jikoni: manjano, bitiruti, kabichi ya zambarau kutoka Arusha, na maganda ya vitunguu aliyopewa bure na muuzaji aliyedhani anakwenda kulisha mbuzi.

Mama mkwe wake, Bibi Philomena, alikuwa ameshuka kutoka Dongobesh kusherehekea nao. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Rosemary hakuwahi kujua kama anapendwa au anavumiliwa tu. Bibi akavuta kigoda mlangoni mwa jiko, akatazama.

"Kabichi hii tutaila na nini?"

"Hatuli, mama. Naichemsha nipate maji yake, natia siki, halafu naloweka mayai yaliyoiva."



Manjano yalitoa njano safi, na vidole vya Rosemary vikawa njano vilevile. Maganda ya vitunguu yakatoa rangi ya matofali. Bitiruti ikamwangusha, mayai yakatoka na wekundu uliofifia, kama shati lililofuliwa mno. Lakini ya kabichi, alipoyaopoa mchana, yalikuwa bluu kama sare ya shule. Akayapanga kwenye kikapu chenye nyasi, akakiweka stoo yakauke, akaenda kumwogesha mwanawe Anselm.

"Mama Anselm," Bibi akaita, sauti yake ya kawaida kabisa. "Njoo uone kuku wako anataka kutuletea vifaranga gani."

Tetea aliyekuwa akitafuta pa kuatamia alikuwa amejikunja kikapuni, manyoya yamevimba, bluu inachungulia chini ya tumbo. Rosemary akanyoosha mkono, akadonolewa. Akamwaga mtama, kuku hata hakugeuka. Bibi akafungua kanga yake ya begani, akamfunika kuku kichwa, akambeba kwapani kama mtoto mkaidi.

Yai moja lilikuwa limepasuka. Wakaligawana kwa chumvi, ute wake una mishipa ya bluu.

"Nimekaa pale asubuhi yote," Bibi akasema huku akitafuna, "nikijiuliza mwanangu Ludovick ameoa mtu wa namna gani." Kisha akacheka mpaka akashika ukuta, na Rosemary naye akashindwa kujizuia.

Baada ya misa ya Pasaka watoto waligombania ya bluu, hata yale ya bitiruti yakapata wenyewe. Jumatatu Bibi akaomba la bluu lililobaki, akalifunga kwenye pindo la kanga.

"La kula njiani, mama?"

"Kula?" Bibi akamtazama. "Nalitia chini ya kuku wa jirani yangu Teodori. Nataka nimwone kesho anapokwenda kuokota."