Geti la Mtaa wa Nne

"Ulipunga mkono upi, mama?"

Verlene Tubbs akautazama mkono wake wa kulia juu ya meza. Harufu ya vitunguu vya jiko la shule alikopika ilikuwa bado haijautoka. Wakili wa kampuni ya reli, Bwana Whitlock, alikuwa akimumunya peremende.

"Huu."

"Ulipunga vipi? Hebu tuonyeshe."

Dabney, wakili wa Verlene, akakohoa kidogo. Ndiyo kazi aliyoifanya asubuhi nzima. Verlene akauinua mkono, akavuta vidole: njoo, pita.

"Andika," Whitlock akamwambia karani. "Shahidi amepunga."

Kwa miaka mitatu, geti la reli la Mtaa wa Nne lilikuwa likishuka lenyewe kila joto likizidi. Kengele inalia, taa zinawaka, treni hakuna. Watu wa mji wa Tolliver wakajizoesha: abiria anashuka, anakwenda mpaka relini, anachungulia huku na huku, anapunga mkono, gari linalizunguka geti. Mchungaji alipitishwa hivyo, na majeneza pia. Naibu sherifu Purvis mwenyewe alikuwa akiwapungia watu Jumapili wakitoka kanisani. Siku ile ya Julai Verlene alishuka kwenye pikapu akachungulia. Upande wa mashariki magugu ya kampuni yalikuwa yamempita kimo. Treni hakuiona, na kengele ilikuwa ikimpasua masikio, hakusikia honi. Akampungia Hoyt, mumewe wa ndoa ya miaka thelathini na mmoja, naye akaingia relini, treni ikamgonga.

"Uliwahi kupiga ile namba ya simu iliyobandikwa kwenye nguzo ya geti?"

"Mara kumi na moja!" Verlene alilisubiri sana swali hilo. "Niliwaambia geti bovu, magugu yafyekeni. Kila mara wananiambia asante kwa kupiga."

"Kwa hiyo ulijua kabisa kwamba pale ni pa hatari."

"Nilijua, ndiyo maana nika..."

"Ulijua. Na bado ukamwambia apite, geti likiwa chini."

"Mji mzima unapita! Muulizeni Purvis!"

"Tumemuuliza. Hakumbuki."

Khaa! Purvis huyo huyo aliyelibeba jeneza la Hoyt begani, machozi yakimtoka. Verlene aliona kinyaa hata kulitaja tena jina lake.

Walipotokea kwenye korido, Dabney alisema naye akitazama viatu vyake. "Sheria ya jimbo iko hivi, Bi Verlene. Kosa la Hoyt likifika nusu tu, kampuni haiwajibiki kwa lolote. Watasema alipita geti lililoshuka."

"Mimi nataka kitu kimoja tu, Dabney. Iandikwe kwamba kosa si la Hoyt."

"Hilo linawezekana."

"Kweli?"

"Wanaweza kuandika kwamba ni la kwako."

Verlene akaondoka kwa miguu bila kumuaga. Saa tisa alasiri lami ilikuwa inanata kwenye soli. Geti la Mtaa wa Nne lilikuwa chini, kengele inalia. Magugu hayakuwepo. Kampuni ilileta mashine kuyafyeka kesho yake baada ya mazishi, na sasa mtu aliweza kuona mpaka kwenye maghala ya mpunga ya kaunti ya pili. Washenzi wakubwa.

Gari jeusi likasimama nyuma yake, likapiga honi. Kioo kikateremka.

"Ah, mama, kumbe ni wewe," alisema Whitlock. "Hivi hiki kitu huwa kinakaa chini muda gani?"

"Siku nyingine saa nzima."

Akaangalia saa yake, akasonya. "Nina ndege ya kuwahi Little Rock. Hebu nichungulilie basi, wewe uko karibu."

Verlene alidhani amesikia vibaya.  Akageuza macho mashariki, akageuza magharibi, kwa mazoea tu. Reli ilikuwa tupu. Mkono wa kulia akauingiza ndani ya mfuko wa gauni, akaukunja ngumi.

"Mama? Kuna kitu?"

 Whitlock akatoa kichwa dirishani, akachungulia mwenyewe, akakata usukani, akalizunguka geti taratibu. Alipofika ng'ambo akapiga honi mara mbili, ya kushukuru, akaenda zake.

Verlene akabaki upande wake, ngumi mfukoni, akingoja geti linyanyuke.