Banda Lililonyamaza

Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipoingia bandani hakikuchagua. Jogoo alitangulia kufa, mitetea wakafuata, na mke wa Fundi akawafukia wote nyuma ya jiko, akilishusha jembe taratibu ili mumewe asisikie.

Fundi, seremala aliyezoea kubeba mlango mzima begani, sasa alikuwa wa kulala tu, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi. Alikataa kila chakula isipokuwa mayai ya kuku wake mwenyewe, yaliyopikwa kwa mchicha na nyanya za bustanini. Na aliwahi kusema, kwa ule mdomo uliopinda, "Siku kuku wangu wakiisha, msinisumbue tena na kijiko." Wageni walicheka. Mkewe hakucheka; alimjua mtu wake.

Basi akawa ananunua mayai dukani. Aliyaficha ndani ya kanga, akazunguka hadi bandani, ambako mumewe aliweza kuuona mlango kupitia dirishani. Hapo aliinama, akaingiza mkono, akayatoa na kuyainua juu ili yaonekane. Akiulizwa mbona kuku hawatoki, alijibu kwamba mwewe wamezidi.

Siku moja wifi yake alimkuta ameinama vile.

"Wifi, kazi ya kuku umeichukua wewe?"

"Shii! Kaka yako atasikia."

"Haya, nimenyamaza. Bado kutetea tu."

Walicheka huku wameziba midomo, na kicheko kikaishia kwenye machozi.

Tatizo lilikuwa kiini. Kuku wao walikula majani ya bustanini, na viini vyao vilikuwa vya manjano iliyokolea. Cha dukani kilipauka kama kimeugua. Akang'oa karoti, akaikwaruza, akaikaanga na kitunguu hadi mafuta yakageuka rangi, ndipo akamimina mayai na mchicha. Kila alipofunika sufuria aliomba, "Mungu wangu, nisamehe uongo huu, umfungue kinywa." Lakini amina ilimkwama kooni. Angemwombaje Mungu ausimamie uongo?

Ikaja siku ya mvua kubwa. Akaenda vilevile, akateleza mlangoni pa banda, akaanguka kifudifudi, mayai yakapasuka kifuani pake. Likasalimika moja. Akalipika hilohilo kwa mchicha mwingi, akaingia chumbani amelowa chapachapa.

Fundi alikuwa anamtazama. "Kaa, mke wangu."

"Kula kwanza, kinapoa."

"Kuku akitaga hutetea. Mwili umekufa, masikio ni mazima. Sijawasikia siku nyingi."

Mkewe akaketi ukingoni mwa kitanda. "Hakusalia hata mmoja," alisema.

"Nilijua."

"Sasa mbona ulikuwa unakula?"

"Nilikuona ukiinama. Mtu mzima, unalipekua banda tupu kwa ajili yangu. Ningefungaje mdomo?" Akapumua kwa shida. "Lakini leo nimekuona ukianguka, na mimi nimelala hapa kama gogo. Siwezi hata kukuinua. Basi. Usiende tena."

Akageuza uso ukutani.

Mkewe hakumbembeleza. Alishaishiwa maneno ya kumbembeleza. Aliweka bakuli magotini, akainamisha kichwa, maji ya mvua yakimtiririka shingoni. "Bwana, huyu hapa," aliomba. "Mimi sina kitu kingine." Akasema amina, na safari hii ikatoka.

Kisha akasogeza kijiko, akangoja. Akangoja sana. Mwishowe Fundi aligeuza uso, akapokea. Kijiko cha pili kilimwagikia upande uliokufa, mkewe akampangusa kwa ncha ya kanga. Cha tatu Fundi alikitafuna kwa muda mrefu, akameza, akatikisa kichwa.

"Inatosha."

Alichokula hakikufika hata cha mtoto mgonjwa. Jana alikula bakuli zima.

"Na kesho?" mkewe aliuliza.

Fundi alifumba macho. "Kesho chuma mchicha. Tutaona."

Mkewe akamalizia bakuli yeye mwenyewe, karoti na kila kitu, kwani tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu kinywani. Wote wawili walisikiliza mvua ikilipiga bati la banda, na chini ya bati lile kimya.