Kitufe cha Msaada, Njia ya Nne

Madereva wa malori ndio waliompa jina la Mama Chenji, kwa sababu katika kituo kizima cha tozo yeye peke yake hakuwahi kumwambia mtu "sina chenji." Alikuwa mkusanyaji tozo wa kibanda cha nne, mwaka wa kumi na moja sasa, kwenye kiti cha kuzunguka kilichokwisha kuacha kuzunguka, na feni ndogo iliyokuwa ikihamisha moshi wa dizeli kutoka pembe hii ya kibanda kwenda pembe ile. Mume wake alifariki binti yao akiwa darasa la pili. Binti sasa alikuwa chuo cha uuguzi, na Mama Chenji aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule iliyojaa vitambaa vya wateja hata ukutani.

Kila siku, saa moja kasoro ishirini asubuhi, ilipita dirishani kwake pikapu nyeupe iliyosheheni trei za mayai, zimefungwa kwa kamba na kufunikwa turubai. Mwenye pikapu alikuwa mfugaji wa kuku aliyepeleka mayai kwa waoka mikate wa mjini. Watu wa kituo walimwita Bwana Mayai. Aliendesha kana kwamba nyuma kuna mtoto aliyelala. Yeye pia alifiwa na mwenzake, zamani kidogo, na Mama Chenji alilijua hilo kwa sababu alimwambia mwenyewe, Jumanne moja, kati ya kutoa noti na kupokea sarafu.

Hizo zilikuwa kama sekunde kumi na tano, na humo ndimo walimozungumza kwa miaka saba. Habari ndefu Bwana Mayai aliikata vipande. Wiki tatu nzima alimsimulia visa vya tetea mmoja aliyeingia kwenye tangi tupu la maji akagoma kutoka. Jioni Mama Chenji aliibeba habari hiyo nyumbani.

"Ehe, alitoka?" dada yake aliuliza, sindano mdomoni.

"Sijui. Nyuma yake kulikuwa na basi."

"Huyo ni mtu au ni mchezo wa redio?"

Mama Chenji alicheka akaenda kuinjika chai.

Mwaka huo msimamizi mpya wa kituo aliwaita wakusanyaji wote ukumbini. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, aliyependa asilimia kuliko chakula, na kabla mwezi haujaisha wafanyakazi walishamwita Takwimu. Aliwaeleza kwamba mambo ya noti na sarafu yamefika mwisho. Gari litabandikwa kibandiko kwenye kioo cha mbele, kamera itakisoma, kizuizi kitanyanyuka chenyewe na tozo itakatwa kwenye salio la dereva. Hakuna atakayefukuzwa kazi, watahamishiwa huduma kwa wateja. Ila kabla ya hapo, kila mkusanyaji avae kizibao cha njano, ashuke barabarani, awashawishi madereva wake wajiandikishe.

Mama Chenji hakununa. Kifua chake kilikuwa kimechoshwa na moshi, na alikwisha kinai kugombana juu ya noti zilizochanika. Alipita kati ya magari na fomu zake, akasikia ya kusikia. Dereva mmoja wa lori la saruji alimwinamia akanong'ona, "Mama, hiki kibandiko kitamwambia mke wangu nilipopita?"

"Kitaandika njia na saa."

"Basi niachie risiti ya karatasi. Karatasi hupotea."

Bibi mmoja mwenye gari dogo kuukuu alitaka kujua nani atamwambia "safari njema" ikiwa dirishani hakuna mtu. Mama Chenji alimwambia kioo kidogo kitaandika maneno hayo kwa taa za kijani. Bibi alifikiri, kisha akasema taa hazimpendi mtu, lakini akatia sahihi.

Mpaka wiki ya mwisho, katika orodha yake alibaki Bwana Mayai peke yake. Siku ya kwanza alisema hana miwani ya kusomea fomu. Siku ya pili miwani alikuwa nayo, kalamu hana. Siku ya tatu Mama Chenji alimpa kalamu yake.

"Kaka, dirisha hili linafungwa Ijumaa."

"Sasa mimi nitapita wapi?"

"Hapa hapa. Utapita bila kusimama."

"Bila kusimama," alirudia, taratibu, kama anayesoma barua ya msiba. Lori la nyuma likapiga honi. "Na wewe utakuwa wapi?"

"Juu, chumba cha mitambo. Mtu akikwama anabonyeza kitufe cha msaada, napokea mimi."

Alitia sahihi. Mama Chenji alikibandika kibandiko kwa mkono wake, akakisugua mara mbili kuondoa mapovu ya hewa, na hakujua kwa nini alijisikia kama aliyemfungia mtu mlango.

Chumba cha mitambo kilikuwa na kiyoyozi, kiti kilichozunguka kweli, na skrini sita zilizoonyesha magari kutoka juu. Kwa siku tatu aliiona pikapu nyeupe ikija: turubai, kizuizi kikanyanyuka, turubai ikaenda. Sekunde nne. Foleni ya asubuhi ilikuwa imekufa kabisa, na Mama Chenji alikiri moyoni kwamba kazi ilikuwa safi. Lakini saa moja kasoro ishirini ikipita, asubuhi yote iliyobaki ilikuwa ndefu.

Siku ya nne taa nyekundu ikawaka. Njia ya nne.

"Habari za asubuhi, huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

"Ni wewe?"

"Kaka! Kibandiko kimekataa?"

"Kimekubali. Kizuizi kiko juu. Nilitaka kukuambia waoka mikate wameongeza oda, trei kumi."

"Hongera! Ehe, sasa pita, kuna watu nyuma."

Akapita. Kesho yake taa ikawaka tena, na kesho kutwa, na siku zote zilizofuata. Alibonyeza kitufe, alisema neno lake, akasikia la Mama Chenji, akaondoka. Mama Chenji alianza kufika kazini mapema na kupaka mafuta ya midomo, ingawa katika chumba kile hakuna aliyemwona isipokuwa mashine.

Tatizo ni kwamba kila kitufe kilipobonyezwa, mtambo uliandika "hitilafu." Kwenye kikao cha mwisho wa mwezi Takwimu alitundika mchoro ukutani. Njia zote zilikuwa na vijiti vifupi vya bluu. Njia ya nne ilikuwa na kijiti chekundu kirefu kama mlingoti.

"Kila siku," alisema, akigusa mchoro kwa kalamu. "Gari lile lile, saa ile ile. Asilimia sitini na mbili ya hitilafu za kituo kizima zinatoka kwa mfugaji mmoja wa kuku."

Mama Chenji alikitazama kikombe chake cha chai kana kwamba hajawahi kuona kikombe.

Fundi wa mitambo, mzee mwenye mkanda wa vifaa kiunoni, alipewa kazi hiyo. Alimsimamisha Bwana Mayai akambadilishia kibandiko. Wiki iliyofuata akambadilishia tena. Alipomuuliza dereva shida hasa ni nini, Bwana Mayai, ambaye uongo haukuwa fani yake, alisema "kizuizi kinasitasita kidogo," kisha kwa aibu akampa trei nzima ya mayai. Mara kwa mara fundi alipanda ngazi, akafungua kamera, akaisafisha, akaifunga. Taa nyekundu iliendelea kuwaka kila asubuhi.

"Acha kubonyeza," Mama Chenji alimwambia Bwana Mayai asubuhi moja, kwa sauti ya chini. "Wamekuanzishia uchunguzi."

"Leo nimebonyeza ili nikuulize kama niache."

"Basi acha."

"Nimekusikia," alisema, na kesho yake akabonyeza.

Asubuhi hiyo hakusalimia. Alivuta pumzi kwanza. "Dada, leo naomba uache kuniita kaka."

Mama Chenji alishika waya wa kipaza sauti kwa mikono miwili. "Nikuite nani?"

"Hilo nataka tukalizungumze tukiwa tumekaa. Si kwa honi hizi." Na honi zilikuwa zinalia kwelikweli. "Usinijibu sasa. Kuna basi nyuma."

Akaondoka. Mama Chenji bado alikuwa ameushika ule waya alipoingia mfanyakazi mwenzake na habari mpya: fundi ameandika ripoti. Anapendekeza njia ya nne ifungwe wiki nzima, mtambo wote ung'olewe, na mwingine uagizwe kutoka kiwandani ng'ambo.

Alikaa nayo habari hiyo labda dakika mbili. Kisha alivua vipokea sauti, akajifunga vizuri kilemba, akaenda kugonga mlango wa Takwimu. Ndani alimkuta na fundi, ripoti mezani, kalamu ya kutia sahihi mkononi.

"Usitie sahihi, bosi," alisema akiwa bado amesimama. "Mtambo ni mzima. Shida ni mimi."

Alieleza yote, kuanzia sekunde kumi na tano za dirishani. Hakumtupia Bwana Mayai lawama wala hakulia. Takwimu alisikiliza huku uso wake haubadiliki, kisha akageukia kompyuta, kwa sababu simu zote za msaada hurekodiwa, na akaifungulia ya asubuhi ile. Sauti ya Bwana Mayai ilijaa chumba kizima, honi nyuma yake, mpaka kwenye "kuna basi nyuma."

Fundi ndiye aliyeanza.

"Yaani mimi," alisema, akijishika kiuno, "nimepanda ngazi mara sita kwa ajili ya posa?"

"Nisamehe, mzee wangu."

"Na mayai nimeshakula." Mabega yake yakaanza kutikisika, na cheko likamtoka kubwa mpaka mkanda wa vifaa ukalia njaga-njaga. Takwimu alijitahidi kubaki msimamizi. Aliinamisha kichwa, akakohoa, akachana ripoti vipande viwili.

"Nitakupa onyo la maandishi," alisema. "Kitufe kile ni cha watu waliokwama. Na simu hizi zote nitazijazaje kwenye mfumo? Panataka sababu."

"Andika dereva alihitaji msaada."

"Na aliupata?"

Mama Chenji alishusha macho. "Bado."

Takwimu aliandika. Kisha, bila kuinua uso kutoka kwenye karatasi, alisema, "Kesho mwambie aegeshe nyuma ya ofisi, kama mteja yeyote mwenye shida kubwa. Una nusu saa. Baada ya hapo kile kitufe nisikisikie tena."

Kesho yake taa ilipowaka, Mama Chenji hakumsubiri aanze. "Ukivuka kizuizi kata kushoto. Egesha. Nashuka."

Aliteremka ngazi za chuma mbiombio, akapunguza mwendo kwenye ngazi tatu za mwisho ili asionekane anakimbia. Bwana Mayai alikuwa anashuka garini, na kushuka kwenyewe kulichukua muda, maana alikuwa mrefu ajabu, miguu haiishi. Mama Chenji akagundua kwamba kwa miaka yote ile hajawahi kumwona amesimama. Naye Bwana Mayai alikuwa anaangalia chini, kumbe Mama Chenji mwenyewe, bila kile kiti kirefu, alimfikia kifuani tu.

"Kumbe wewe ni mfupi," alisema Bwana Mayai, na papo hapo akatamani ardhi ipasuke.

"Na wewe ni nguzo ya umeme."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kikawasaidia. Walikaa kwenye ngazi ya nyuma ya ofisi, karibu na mapipa ya taka, kwa kuwa hakukuwa na benchi. Bwana Mayai alimwambia bila kuzunguka kwamba nyumba yake ni kimya mno, kwamba ana watoto wawili wakubwa wenye maisha yao, na kwamba angependa kumwoa kama yeye angependa kuolewa. Mama Chenji alikuwa na maswali kwanza. Alimuuliza kama anakoroma. Alimuuliza kama ana deni la mtu. Alimuuliza kama atamtaka aache kazi.

"Nakoroma," alisema. "Deni sina. Kazi ni yako."

"Basi njoo Jumapili. Nina dada mkubwa, na huyo hana haraka kama mimi."

Jumapili Bwana Mayai aliinama kupita mlangoni, akakaa kwenye kochi katikati ya magauni ya watu, mikono magotini kama mwanafunzi. Dada mtu alivaa miwani, akamtazama kuanzia kichwani, na macho yake yakagota shingoni.

"Hiyo kola imegeuzwa. Nani aliishona?"

"Mimi mwenyewe, shikamoo."

"Marahaba. Umeishona vibaya sana." Akanyoosha mkono. "Ilete hapa."

"Niivue?"

"Sasa nitaishona ikiwa shingoni?"

Hivyo mahojiano yalifanyika mgeni akiwa na fulana ya ndani, cherehani ikilia, maswali yakija kila uzi ulipokatwa: amezaliwa wa ngapi katika nyumba yao, kuku wangapi, nani anampikia, mara ya mwisho aligombana na nani na kwa nini. Alijibu yote. Mama Chenji aliyasikia kutoka jikoni, na akamwaga sukari nje ya kikombe mara mbili.

Binti, aliyekuja likizo bila kutoa taarifa, alisukuma mlango na begi lake mgongoni, akasimama kizingitini akilitazama jitu refu lisilo na shati sebuleni.

"Shikamoo," alisema kwa tahadhari.

"Karibu ndani, ufunge mlango, upepo unampiga mgeni," alisema mama mkubwa wake bila kuacha kushona. "Na usimkodolee macho. Kama hajabadilisha nia mpaka nimalize kola hii, tunapanga tarehe leo."