Tikiti la Mama Eulogia

Yule mtu alikula tikitimaji mpaka kwenye ganda jeupe, akatema mbegu mtoni, akajifuta ndevu kwa mgongo wa mkono. Kisha akaipokea pembe ya terere, kinywaji chetu cha majani, kutoka kwa sajini wetu, akanyonya maji ya barafu mpaka mrija ukakoroma.

Gatini hakuna aliyepumua.

Kwetu, mtoto hajaanza hata kutembea vizuri ameshakaripiwa na mama yake: tikitimaji na terere havikutani tumboni. Ukila tikiti, pembe ikikufikia unaipitisha kwa mwenzako, hata kama koo limekauka kama gome. Atakayevichanganya atakufa amejikunja kabla ya kufika kitandani. Kweli au uongo, mimi simo. Nimeishi miaka yangu yote kando ya Mto Paraguay na sijawahi kuona mtu wa kwetu akijaribu. Hata walevi hawajaribu.

Ovelar, askari mwenzangu ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, akaanza, "Ebo! Bwana wee, unataka ku—"

Buti la Sajini Cantero likatua juu ya vidole vyake vya mguu, likabaki hapo hapo.

"Unataka kuongezewa?" sajini akamalizia, akitabasamu. "Jua la leo halina adabu, kaka. Kunywa, kunywa."

Mtu yule akacheka. "Jua gani, afande? Mimi nimezaliwa hapo juu tu, bandari ya pili."

Lugha yetu aliisema vizuri, hilo sikatai. Lugha mtu hujifunza hata ukubwani, kwa biashara au kwa mapenzi. Lakini woga unaotiwa na mama, huo hauuzwi sokoni. Nikautazama uso wa Mama Eulogia, mwenye boti iliyomleta, naye hakunitazama.

Wakati huo nilikuwa koplo, Koplo Virgilio Ozuna, askari wa miguu wa jeshi la majini katika nchi isiyo na bahari. Chekeni tu. Wenzetu wa nchi kavu walitucheka kila siku, wakituita mabaharia wa dimbwi. Lakini nchi yetu inaishi kwa mto, na mto wenyewe ni mrefu kuliko ulinzi wowote, kwa hiyo kikosi kilikatwakatwa kama mhogo. Makao makuu yalikuwa mjini, yenye gwaride na maofisa wa glavu nyeupe. Kisha vikafuata vituo vidogo vilivyotupwa kaskazini, kila kimoja na sajini wake, askari wachache, boti moja na redio inayokohoa. Tulikagua mizigo. Tulifukuza magendo, tukaopoa waliozama, tukabeba masanduku ya kura, tukawakimbiza wajawazito hospitali. Watoto wengine walizaliwa botini mwetu, na wawili walipewa jina la Ovelar, maskini wa Mungu.

Na kila chombo kilichosimama kukaguliwa kilikaribishwa terere: majani machungu yaliyoshindiliwa kwenye pembe ya ng'ombe, maji ya barafu, mrija wa chuma, mnapokezana. Hakuna ofisa aliyetuamuru. Ilikuwa heshima, na ilikuwa ujanja pia, maana mtu anayenyonya mrija hana haraka na ulimi wake hulegea.

Mama Eulogia aliyajua haya kuliko sisi. Alikuwa mchuuzi wa mtoni, mama mwenye mwili, mjane, boti yake imejaa matikiti na jibini. Alimjua kila askari na jina la mama yake, na akitukuta hatujanyoa alitutukana mpaka tunanyoa. Hakusafiri bila mjukuu wake Nimia, ambaye mama yake alikuwa akifanya kazi za ndani Buenos Aires. Kamba haijafungwa, Nimia keshaturukia gatini anadai biskuti zake.

Asubuhi ile redio ilikuwa imekohoa habari mbaya. Watu wawili walikuwa wamevamia shamba la ng'ombe huko juu, wamemuua mlinzi, wamepotelea mtoni.

Boti ya Mama Eulogia ilikuja polepole kabla ya adhuhuri, na kando yake ameketi huyo mwenye ndevu. Kabla hata hajatusalimu, alikuwa anakata tikiti. "Kula, shemeji, mwendo bado mrefu. Kula na hiki." Akatuambia ni ndugu wa marehemu mume wake. Siku ile hakumtukana mtu.

"Nimia yuko wapi?" nikauliza.

"Ana homa, mwanangu. Amelala."

Macho yake yakaenda kwenye turubai lililofunika nyuma ya boti, yakarudi upesi. Joto lile lingeivisha yai, na mtoto mwenye homa amefunikwa turubai! Hapo ndipo ikaja ile pembe.

"Ozuna," sajini akasema bila kugeuka, "barafu imekwisha. Kalete nyingine."

Chupa ya maji ilikuwa mkononi mwake. Barafu niliisikia ikigongana ndani, imejaa tele.

"Sawa, afande."

Nilitembea kama mtu aliyetumwa barafu, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya jeshini. Nyuma ya kibanda nikavua buti na shati, nikachomeka kisu kiunoni, nikateleza mtoni chini ya magugu-maji. Sajini Cantero alikuwa akituambia kila siku: askari wa nchi kavu anaingia kwa mlango, sisi tunaingia kwa maji. Mkondo ukanichukua. Juu nilimsikia Ovelar akisimulia habari ya padri aliyeanguka na punda wake, kisa ambacho tulishamkataza kukisimulia, na leo akakirefusha, Mungu ambariki. Pembe ikaendelea kuzunguka. Kwetu hukatishi duara la terere ukaondoka hivi hivi, utawatukana wenyeji. Mwenye ndevu alitaka sana kuwa mwenyeji, kwa hiyo alikunywa.

Nilitokea upande wa boti usioonekana kutoka gatini. Nikainua pindo la turubai kwa vidole viwili.

Kwanza niliona mguu wa Nimia, umefungwa kamba kwenye ubavu wa boti. Mbele yake alilala mtu wa pili, kifudifudi, mgongo kwangu. Alikuwa ameshika bastola, na mdomo wa bastola umepenyezwa kwenye mwanya wa turubai, unautazama mgongo wa Mama Eulogia.

Nikimchukua mtoto, boti itayumba, na huyu atafyatua. Nikimwacha, wataruhusiwa kupita, na baada ya kona ya kwanza watawaua wote wawili, maana ni mwizi gani anayeacha shahidi? Niliogopa, nasema wazi. Nilining'inia pale nimeshika mbao, nikiomba mtu mwingine aje aamue, hata samaki.

Mama Eulogia hakuweza kuniona. Lakini alikuwa amelihesabu kundi la askari mbele yake, akaona pengo, na barafu ya kutoka kibandani haichukui muda wote ule. Akapaza sauti, sauti ya bibi anayepiga soga:

"Sajini, mimi nimeshakula chumvi nyingi. Hata Mungu akiniita leo, sina deni naye. Mjukuu wangu ndiye hajaonja kitu."

"Usiseme hivyo, mama," Cantero akajibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nasema, mwanangu. Nasema, anayesikia na asikie."

Nikakata kamba.

Nimia akafumbua macho. Nikamziba mdomo, akanitambua, akanikumbatia shingo kwa nguvu mpaka nikakosa hewa. Nikamvuta tukaanguka majini pamoja, na boti ikayumba. Nilipoibuka nilimwona Mama Eulogia akijitupa nyuma, mwili wake wote mkubwa, juu ya turubai, juu ya mtu na bastola yake. Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mlango unaofungwa chumba cha pili.

Ovelar alishamrukia mwenye ndevu kabla mkono haujafika kiunoni. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na siku hiyo ulimwengu wake ulikuwa na ngumi za Ovelar. Yule wa chini ya turubai walimtoa amekosa pumzi, hana hata nguvu ya kuinua silaha.

Tukamlaza Mama Eulogia kwenye boti yetu. Nikashika usukani, nikausukuma mtambo mpaka ukapiga kelele. Cantero alibana jeraha la nyonga kwa shati lake, kisha kwa langu alilolikwapua nyuma ya kibanda. Nimia, aliyelia mpaka akaishiwa, alilala ameikumbatia miguu ya bibi yake.

"Mama," nikamwuliza, maana niliona lazima aendelee kusema, "ulijuaje kwamba tutaona?"

"Sikujua." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Nilijua tu kila mmoja wenu ana mama."

Kisha akainua kichwa kidogo, akamtazama mtoto, akanikunjia uso kama zamani. "Punguza mwendo, wewe Ozuna. Utamwamsha."

Sikupunguza. Alikata roho mnara wa kanisa la mji ukianza kuonekana, na mtambo bado ukinguruma.

Cantero alipewa nishani. Ofisa wa glavu nyeupe akasifu macho makali ya askari wake, na Cantero alisikiliza kama mtu anayeumwa jino. Mwishowe akasema kwa sauti kwamba macho yalikuwa ya mwanamke muuza matikiti, na ofisa akapiga makofi bila kuelewa.

Juzi Nimia alikuja nyumbani kwangu. Amekuwa mrefu, ana mabega ya kuogelea, amekata nywele. Siku hizi wanachukua na wasichana katika askari wa miguu wa majini, naye wamemkubali, Jumatatu anaripoti. Alikaa akizungusha kofia mikononi.

"Mjomba Virgilio," akasema, "watu wote wananiambia bibi hakuogopa. Eti alikuwa jiwe. Ni kweli?"

Ningeweza kumwachia jiwe lake. Ni neno tamu la kubeba kwenda nalo kambini.

"Uongo," nikamwambia. "Aliogopa mno. Kisu kilimtetemeka mkononi hata akajikata kidole. Alimlisha yule mtu tikiti lenye damu yake, na huku anatabasamu."

Nimia akainama. Machozi yalidondoka kwenye ile kofia, akayaacha.

"Na mimi naogopa, mjomba."

"Vizuri," nikasema. "Nenda hivyo hivyo."