Bati Kati ya Antena Mbili

Waendesha pikipiki wa Lusangi wana sheria yao, na ilizaliwa na ubahili. Anayetoka Kabambare akifika juu ya Kilima cha Mawe husimama, hupoza injini, hutazama simu. Ikiwa kimya, njia ni nzuri, ateremke. Ni siku ya hatari tu ndipo watu wa nyumbani hupiga. Kwa nini mtu ale vocha kusema hakuna neno? Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, lakini wahenga hawakununua vocha.

Feza, mke wa Mahamudu na mama wa Rehema, ndiye aliyekabidhiwa repetere, mashine inayodaka mtandao wa Kasongo na kuurusha mbele hadi kilimani. Ilikaa juu ya jukwaa la mbao nyuma ya nyumba yake: nguzo moja, antena moja ikitazama Kasongo, nyingine ikitazama njia ya Kabambare, na chini yake kisanduku chenye taa na kitufe cha nguvu. Chakula chake kilikuwa jua. Sasa jua lilikuwa limesusa, mvua juu ya mvua, na tangu asubuhi Feza alikuwa ameshusha nguvu ili betri isife. Mtandao ukaishia kwenye mihogo ya jirani, na hakuna aliyelalamika.

Mchana akatokea Régina, mwenye shamba karibu na daraja, akikimbia bila jembe wala kapu.

"Watu wa bunduki iko ku daraja!" alisema, akishika ubavu. "Wanasimamisha pikipiki. Wanaingiza watu mu pori!"

Mahamudu alikuwa njiani kutoka Kabambare na magunia ya mpunga. Dady pia, kijana wa jirani yake Mado, alikuwa kwenye njia hiyohiyo na pikipiki yake. Daraja lilikuwa katikati ya kilima na Lusangi, kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kwenda kuwazuia. Na kilimani wangekuta simu kimya, wateremke wakipiga mluzi.

Alipanda jukwaani mbiombio, akazungusha kitufe mpaka mwisho.

Fundi Célestin wa Kasongo alikuwa amemwonya siku alipoifunga. "Mama, usipandishe mpaka mwisho. Hizi antena zimekaribiana sana. Ukizidisha, moja itasikia sauti ya mwenzake, mashine itaanza kujijibu yenyewe, na rezo, huu mtandao, itakufa." Feza alikuwa amesikia vizuri sana. Lakini woga ukiingia, masikio hutoka.

Taa ikawa nyekundu. Simu ikapoteza hata ule mstari mmoja wa mtandao iliokuwa nao.

"Ongeza!" watu waliokusanyika chini walipiga kelele. "Ongeza, mama!"

Akazima, akawasha, akapandisha tena mpaka mwisho, kama mtu anayemfokea kiziwi. Nyekundu. Akarudia. Nyekundu. Ndipo akakumbuka onyo, akashusha nguvu, taa ikarudi kijani, akampigia mumewe. Hapatikani. Nguvu ile haikufika kilimani.

Mado alikuwa amepanda ngazi, kanga imemwanguka mabegani. Pale mtaani aliitwa Mama Dady.

"Tufanye nini, mwanangu?"

"Célestin alisema atarudi kuweka bati kati ya antena, zisisikiane," Feza alisema. "Hakurudi."

Mama Dady alishuka, akaenda kwenye jiko lake, na watu wakasikia misumari ikilia. Alirudi na bati la paa lenye masizi, kiganja kinatoka damu. Akapita upande wa pili wa nguzo, akalisimamisha bati kati ya antena mbili, akalikumbatia upepo usilichukue. Mvua ikaanza tena.

Feza akapandisha nguvu taratibu, akinong'ona Bismillahi. Kijani. Akaongeza. Kijani. Akapiga, na simu ikaita.

"Alo? Mama Rehema? Iko nini?"

"Uko wapi?"

"Juu ya kilima. Napoza moteri."

"Usishuke! Iko watu wa bunduki ku daraja. Rudia Kabambare, Baba Rehema, rudia sasa hivi!"

Feza alilia kwa furaha, hadharani, bila haya. Mume wake yu hai, na sauti yake imo sikioni mwake.

"Dady alikuwa hapa na mimi," alisema Mahamudu. "Aliangalia simu, akakuta kimya. Akasema mama yake amepika sombe, majani ya mihogo, hawezi kuchelewa. Ameshuka. Hata moshi wake ungali hapa."

Feza alielewa mara moja, na kuelewa kwenyewe kulimuuma. Muda ule alioupoteza akigombana na taa nyekundu ndio muda Dady aliosimama kilimani akitazama simu.

"Amepokea?" Mama Dady aliuliza nyuma ya bati. "Dady iko naye?"

Feza alitamani kudanganya. "Ameshuka, Mama Dady. Sasa hivi tu."

Bati lilitikisika. Feza alidhani mama wa watu anaanguka, akanyoosha mkono. Lakini bati likatulia, likasimama imara kuliko mwanzo.

"Piga yake," sauti ilisema. "Mie siachii."

Akapiga simu ya Dady. Iliita, ikaita, mpaka ikakatika. Akapiga tena. Taa ya kijani ikafifia, ikapepesa, ikazimika. Feza alizungusha kitufe, akakipiga kisanduku kofi, akakibembeleza. Betri ilikuwa imekwisha.

Upande wa pili, Mama Dady alikuwa ameegemeza shavu kwenye bati, maji yakimtiririka, asione taa wala kisanduku.

"Umepiga?"

Feza aliiweka sikioni simu isiyo na mstari hata mmoja.

"Napiga, mama."

"Basi piga, mwanangu. Mikono yangu ingali na nguvu."