Mrushaji Aliyelala Zizini

Kazi ya mrushaji wa akiba ni kungoja. Watu wa hapa Garnet Bluff hudhani kazi yake ni kurusha mpira, lakini kurusha ni dakika chache tu. Muda wote uliobaki anakaa zizini. Zizi ni kipande cha nyasi nyuma ya ukuta wa mbali wa uwanja, chenye benchi, paa la bati, matuta mawili ya kurushia na simu ya ukutani isiyofika kwingine isipokuwa kwa meneja. Simu ikilia, ujue mrushaji aliyeanzisha mchezo amechoka au amechapwa, na mmoja wetu anatakiwa kwenda kuokoa jahazi. Mimi ndiye kocha wa zizi. Naitwa Hub Stahlecker, na ujana wangu wote niliumalizia kwenye benchi kama hili, nikisikiliza mchezo wa mbali kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Garrett Novotny aliletwa kwetu na uteuzi wa Julai, ule ambao timu kubwa za besiboli hugawana vijana wa vyuoni. Sisi ni timu ndogo iliyo chini ya timu kubwa. Tunawalelea vijana wao. Wakiiva wanawachukua, wakidoda wanarudishwa makwao. Novotny alitoka chuo kidogo cha Nebraska kilichozungukwa na mahindi pande zote, na huko alikuwa mfungaji: anaingia mwishoni, timu ikiongoza kwa pointi moja, anafunga mlango na kila mtu anakwenda nyumbani. Alikuwa mrefu, shingo imeiva kwa jua, mpole kupita kiasi. Siku yake ya kwanza zizini, wimbo wa taifa ulipokwisha tu, alijilaza nyasini nyuma ya benchi, akafunika uso kwa kofia, akalala fofofo.

Wenzake wakambandika jina la Bibi.

"Bibi kashalala," alisema Yeury Batista, mrushaji wetu kutoka Jamhuri ya Dominika, ambaye hajawahi kukaa kimya tangu nimjue. "Mzee Hub, tumletee shuka?"

"Mwache."

"Mimi simgusi. Nauliza tu kama atataka na maziwa ya moto."

Simu ililia mchezo ukielekea ukingoni. Nilimtupia glavu yake miguuni, maana niliambiwa ndivyo walivyokuwa wakimwamsha chuoni. Aliinuka, akarusha mipira michache kwa mdakaji wetu wa zizini, kisha akatembea hadi katikati ya uwanja huku majani yamemganda mgongoni. Mpira wake wa kupinda ulikuwa unamwendea mpigaji usawa wa kichwa, halafu ni kama umekumbuka jambo, unashuka hadi magotini na kupita juu ya kibao, lile bamba jeupe la shabaha, pale mdakaji alipotaka. Wapigaji walikuja na magongo yao, wakapiga hewa, wakarudi kukaa. Novotny alirejea zizini na macho yaliyojaa usingizi bado.

Nilimuuliza anawaza nini akiwa kule juu ya tuta.

"Siwazi kitu, Kocha. Babu yangu ana ghala la nafaka. Nilipokuwa mdogo, wakati wa mavuno nilikuwa nalala juu ya magunia, mahindi yanamiminika kwenye bomba la bati. Nikilala mchana huwa naisikia ile sauti. Mtu akiniamsha ghafla, inakuja na mimi. Watu wakipiga kelele kule uwanjani, mimi nasikia mahindi."

Angekuwa mtu mwingine ningemcheka. Lakini nilikuwa nimeyaona yale macho, na nilimwonea wivu, nasema wazi. Mimi nilipokuwa kwenye tuta nilisikia kila kitu, hadi mtu aliyekuwa anatafuna karanga.

Sasa, ofisi yetu ina ugonjwa mmoja, na nitausema hata kama wataninunia. Wanamteua mrushaji wa akiba kutoka chuoni, wanamwona anang'ara kwa kipindi kimoja kati ya tisa, kisha wanakaa chini na kujiuliza: je, angerusha vipindi sita? Anayeanzisha mchezo ana thamani kuliko anayeumaliza, basi kila majira ya kuchipua wanawachukua watu wa zizini na kuwageuza waanzishaji. Kuna wanaofaulu, sikatai. Hao ofisi haiwasahau kamwe. Wale wengine majina yao hayatajwi tena, na wengi wao walikuwa marafiki zangu.

Novotny naye walimgeuza. Mwanzishaji hupewa siku yake. Anaijua mapema, anaamka nayo, anakula nayo. Walimfunga vipimo kwenye kiwiko, wakamwekea ratiba ya kunyoosha misuli, ya kula, hata ya kunywa maji. Akaacha kulala mchana. Nilimwona kwenye benchi siku za kati, amekaa wima, anaitazama mikono yake. Siku yake ilipofika, mipira ilikwenda inakotaka. Mmoja ulimvunja mtu mbavu. Mwingine ulimpata jamaa wetu anayevaa vazi la korongo kuwachekesha watoto, naye alikuwa amesimama pembeni kabisa, karibu na muuza soseji.

Ilipofika Juni, meneja wetu Lyle Pruitt alimrudisha zizini, si kwa kumtibu, ila kwa kukosa pa kumweka. Habari ikaja kutoka makao makuu: Dana Whitlow, bosi wa malezi ya warushaji, angekuja Jumapili kumtazama mwenyewe. Novotny atapewa kipindi cha nane. Mama huyo asipouona ule mkono waliouteua, basi unga wa kijana umemwagika.

Jumamosi Novotny alinisaidia kukusanya mipira zizini. Aliongea bila kuniangalia.

"Wakiniacha hapa, Kocha, hakuna atakayenichukua. Nani anamtaka mrushaji asiyekiona kibao?"

"Utarudi kwa babu yako. Si vibaya."

"Babu kauza ghala. Majira ya baridi yaliyopita. Walionunua wamelibomoa, wameweka sehemu ya kuegesha malori." Alitia mpira kwenye ndoo taratibu, kama yai. "Ile sauti haipo tena popote. Nilikuwa nadhani ninayo mimi. Sasa nikilala, hata mimi siipati."

Nilibeba ndoo nikaondoka, roho imeniuma hadi nyumbani.

Tuna utaratibu mmoja timu nzima, nao umetoka ofisini: kila mrushaji lazima aambiwe zamu yake tangu asubuhi, ili ajiandae. Ni kocha wa zizi anayewaambia. Jumapili nilifika nikamkuta Novotny ameshakaa kwenye benchi, mgongo wima, magoti yameshikana, kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Nilisimama mbele yake na neno "nane" mdomoni. Nililimeza.

"Leo huchezi," nilisema.

Aliinua uso.

"Ndege ya Whitlow imekwama Chicago. Atakuja wiki ijayo. Pruitt kakufuta kwa leo."

"Kweli, Kocha?"

"Sasa mimi nikudanganye ili nipate nini?"

Mabega yake yalishuka, na pumzi iliyomtoka nadhani alikuwa ameishikilia tangu majira ya kuchipua. Aliangalia uwanja, akaangalia nyasi nyuma ya benchi. Akavua kofia.

Mchana ule ulikuwa mzito na mtamu. Jua lilikaa juu ya mto ulio nyuma ya uwanja, harufu ya mahindi mabichi ikavuka kutoka ng'ambo, nyuki walikuwa wanafanya kazi kwenye maua madogo kando ya ukuta. Treni ya mizigo ilipita polepole sana, behewa baada ya behewa, ikawa kama haina mwisho wala haikuwa na mwanzo. Mchezo ulikuwa unaendelea mahali fulani. Tuliona gongo likipiga, na mlio ukatufikia baadaye kidogo. Novotny alilala. Hata mimi nilijikuta nimefumba macho, na kwa muda sikujua kama ni mimi kocha au ni yule kijana niliyekuwa zamani, ninangoja simu inayoniita mimi.

Batista alinisogelea sikioni.

"Mzee. Yule mama mwenye kofia nyeupe, nyuma ya kibao. Si ndiye Whitlow?"

"Funga mdomo, Yeury."

"Nimefunga. Nasema tu, ndege ya kutoka Chicago imewahi sana."

"Yeury."

"Nimefunga, mzee wangu. Tena nimemeza ufunguo."

Kama mkono wake ungeamka mzito, ningekuwa nimemzika mwenyewe, tena kwa uongo. Nilimtazama akilala na nikatamani simu isilie kabisa, mchana ubaki pale pale ulipo, na kijana yule abaki nyasini na nyuki wake.

Simu ililia. Pruitt hakusema hata salamu: "Mlete."

Niliichukua glavu yake, nikamtupia miguuni.

Alikaa, akapepesa macho. "Si nilifutwa?"

"Kufutwa kumefutwa. Inuka, rusha."

Sikumpa nafasi ya swali jingine. Alirusha mara chache, mdakaji akanigeukia na kuinua nyusi, nami nikafungua mlango wa wavu. Akatoka. Nilimwona akitembea kwenye ule uwanja mpana wa nyasi, mwendo wa mtu anayekwenda jikoni kunywa maji, na kipande cha nyasi kimemganda begani. Watu walianza kupiga makofi na kukanyaga mbao za majukwaa. Kwa mara ya kwanza maishani niliisikia. Nakwambia niliisikia, mahindi yakimiminika kwenye bati.

Mpira wa kwanza ulipinda hadi magotini na mpigaji akabaki ameduwaa. Wa pili vilevile. Mpigaji wa mwisho alizungusha gongo kwa nguvu hadi akaanguka goti moja, na mpira ulikuwa umeshatua kwenye glavu ya mdakaji. Novotny alitazama huku na huku kama anayeulizia kama ndiyo basi. Ndiyo ilikuwa basi. Batista alinikumbatia kwa nguvu akanifinya mbavu, na machozi yalinitoka, wala sikuyaficha.

Baada ya mchezo watoto waliachiwa wakimbie uwanjani, kama kila Jumapili. Dana Whitlow alipita katikati yao, kofia nyeupe mkononi, akaja hadi zizini. Sijawahi kumwona amefurahi vile.

"Hub, umeuona ule mkono?"

"Nimeuona, bosi. Ni mkono wa kufungia michezo. Mwache hapa hapa."

"Mkono kama ule tukaupoteze kwenye kipindi kimoja?" Alicheka, si kwa ubaya. "Amepona. Ijumaa anaanzisha. Nimeshaongea na Pruitt."

"Hakupona. Alikuwa amelala." Nikamweleza yote, uongo wangu, Chicago, nyasi. Alinisikiliza hadi mwisho, maana ana adabu.

"Kwa hiyo unataka tumlee mrushaji kwa kumdanganya kila siku?"

"Nataka asijue siku yake. Basi."

"Hub." Aliniwekea mkono begani. "Wewe ulikaa zizini maisha yako yote. Ulifika wapi?"

Nilifika hapo hapo tulipokuwa tumesimama. Akaenda kumpa kijana habari njema. Niliwaona kwa mbali: yeye anaongea na kuonyesha kwa mikono, Novotny anaitikia kwa kichwa, anashukuru, anashikana naye mkono. Kazi yake ilikuwa imepona. Alikuwa na kila sababu ya kuruka.

Alirudi zizini polepole. Watoto walikuwa wamekwisha ondoka na mtunza uwanja alikuwa anafungulia maji ya nyasi. Novotny alikaa karibu yangu kwenye benchi.

"Ulinidanganya," alisema.

"Nilikudanganya."

"Asante." Kisha, kwa sauti ndogo: "Kocha, Ijumaa utanidanganya tena?"

"Nitakwambia mvua imenyesha. Nitakwambia uwanja umezama mtoni."

"Na mimi nitakuamini."

"Utaniamini."

Alitabasamu, akavua kofia, akajilaza mahali pake nyuma ya benchi, penye umbo lake kwenye nyasi. Akafunika uso. Treni nyingine ilikuwa inapita ng'ambo, na maji yalikuwa yananyunyiza uwanja mtupu kwa mlio mwembamba, usiokoma. Nilikaa naye hadi kivuli cha paa kikatufikia.

"Unayasikia mahindi?" nilimuuliza.

Kofia ilipanda na kushuka kwa pumzi zake, nikadhani amelala.

"Nasikia Ijumaa," alisema chini ya kofia.